Jina la Kanga Niliyompa

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, ukoo wetu hukutana katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe, na kila mwaka mimi ndiye ninayeshughulikia sare za wanawake. Kazi hii nilipewa na shangazi yangu, mkubwa wa wanawake wote wa ukoo, kwa hoja kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kanga haichaguliwi kwa maua tu, huchaguliwa na kwa jina. Jina la kanga ni yale maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Mwanamke akijifunga, maneno hukaa nyuma yake. Kwa hiyo mwenye kanga si yeye anayelisoma jina lake akishaivaa. Wanalisoma walio nyuma yake.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu aibu yangu yote iko hapo.

Siku ya ukoo huanza kwa khitma. Wanaume hukaa ukumbini chini, sisi tunakaa ghorofani kwenye mazulia, na juzuu zinagawiwa. Dua ikishaombwa, kabla pilau haijapakuliwa, ami yangu mkubwa hupanda ngazi akakaa pale katikati ambapo wa juu na wa chini wote wanamsikia, akasimulia habari za babu yetu wa kwanza. Naijua hadithi hiyo kama ninavyoijua njia ya sokoni. Babu alishuka Malindi, bandarini hapa hapa mjini, kutoka pwani ya Arabuni, hajui mtu wala hajulikani, mkononi ana sanduku la mbao, mswala, na kanzu mbili. Nilipokuwa mdogo kanzu ilikuwa moja. Sanduku nalo siku hizi lina njumu za shaba. Nadhani nikijaaliwa uzee nitalikuta lina dhahabu.

Basi babu akenda shamba, upande wa kusini mashariki, akawa ananunua nazi. Akaoa huko, akazaa. Hapo ami huvuta pumzi, akanywa fundo la maji, akasema, "Lakini." Lakini babu alikuwa mtu wa kuona mbali, akarudi mjini, akaleta mke kutoka kwao, akajenga nyumba hii mlimokaa. Sisi tulio ghorofani na ukumbini ni wa mke huyo wa pili. Wale wa mke wa kwanza waliishia kwenye "lakini" ya ami, na sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu akiuliza walikwenda wapi.

Tunapenda kuitwa watu wa mwanzo. Tunalisema neno hilo kama kwamba kabla ya lile sanduku kisiwa kilikuwa kitupu, babu akaja akakifungua kwa ufunguo. Mimi nilikuwa nikilisema kuliko wengi. Darasani niliwahi kulitoa kwa mfano wa sentensi.

Miaka miwili iliyopita niliagiza kanga rangi ya damu ya mzee, maua meupe, jina lake SHINA MOJA MATAWI MENGI. Nililifikiria jina hilo wiki nzima na nilijiona mjuzi. Shangazi aliponisomea kwa sauti dukani alinipiga begani akasema, "Hapa umepatia, mwalimu." Wanawake wote walivaa. Ukitazama ghorofani ungedhani kumetandikwa zulia jingine.

Khitma ilikuwa imekwisha, tunapanga sahani, tuliposikia sauti ngazini.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu shangazi, maana hodi ikishapigwa haina jibu jingine.

Akatokea bibi mmoja, mwembamba, mrefu, umri wake wa kupita sabini, amejitanda kanga iliyochujuka mpaka maua yake hayajulikani. Begani alikuwa na pakacha. Ndani mlikuwa na viazi vitamu, na juu ya viazi pweza wawili wakavu, wamekunjwa. Harufu ya pweza ilitangulia kuingia. Nyuma yangu binti mmoja akanong'ona, "Nani kahamisha pwani?" Wenziwe wakacheka chini kwa chini. Mimi nilicheka pia.

Bibi alitusalimu mmoja mmoja, tulio wadogo tukamwamkia, akatuitikia marahaba kwa kila mtu peke yake, hakuna aliyemruka. Kisha akamwambia shangazi, "Mjukuu wangu anafanya kazi hoteli hapa nyuma. Mwaka jana alipita akasikia mnamsomea khitma babu. Nikasema mwakani nikiwa mzima n'takwenda. Babu huyo na mie ni wangu."

"Wako vipi?" shangazi aliuliza.

Bibi akaweka pakacha chini, akatoa vidole. Akamtaja baba yake, akamtaja baba wa baba yake, akamtaja mama wa huyo, na baba wa huyo mama, akafika kwa babu wa sanduku bila ya kukwama. Mimi nikihesabu nikifika kidole cha tatu huwa napapasa. Alipomaliza alitabasamu, akangoja.

Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu, na lilikuwa wazi usoni pake. Alitaka kuambiwa ndiyo, wewe ni wetu.

"Aa," shangazi akasema. "Jamaa zetu wa shamba. Karibu, kaa hapo." Na hapo palikuwa karibu na mlango wa jikoni.

Nataka nimtendee haki shangazi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na wageni themanini, na pilau ilikuwa inataka kuungua. Baadaye kidogo aliniita pembeni akasema, "Tunakwenda kupiga picha. Mtafutie sare yule bibi, asitoke mle katikati kama kiraka."

Sasa nifike kwenye langu. Watu walioniuliza niliwaambia kwamba sare zilikuwa zimekwisha, nikawa na haraka, nikavuta kanga ya kwanza niliyoikuta mkobani bila ya kuitazama. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi na karibu nilikuwa nimeyaamini. Si kweli. Mkobani mlikuwa na doti moja nzima ya sare, imeshapindwa, nimemwekea binti wa ami aliye Maskati ambaye mwaka huo hakuja. Na chini yake palikuwa na kanga yangu ya kujifungia nikipakua.

Kanga hiyo niliinunua kwa vita. Wifi yangu alikuwa na mazoea ya kuja kwangu Kiembe Samaki kila Ijumaa bila ya taarifa, kufunua masufuria na kuuliza mbona mchuzi mwepesi. Nikaenda dukani nikatafuta jina la kumjibu, kwa sababu kwetu jambo usiloweza kulitamka unalivaa. Nikapata: SIKUKUITA UMEJILETA. Nayo ilikuwa nyekundu nzito, ukiitazama kwa mbali unaweza kuidhania sare. Niliivaa Ijumaa mbili, wifi akapotea mwezi mzima. Mwalimu nikafurahi.

Nilisimama na mkoba wazi. Mkono ulikuwa umeshaishika sare. Nikafikiri, binti wa ami ataniuliza sare yake iko wapi, nitamwambia nimempa nani? Nikafikiri, huyu bibi hata hajui kusoma. Nikafikiri, ni ya picha tu. Na chini ya fikra hizo zote palikuwa na jingine ambalo silipendi: nilitaka abaki mgeni. Vidole vyake vilinikera. Alikuwa amehesabu vizuri kuliko mimi, mbele ya watu, na harufu ya pweza juu yake.

Nikaisoma ile kanga ya chini, herufi kwa herufi. Nikaitoa. Kipande kimoja, maana kingine nilijifunga asubuhi jikoni kabla ya kuvaa sare, kikachafuka.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kiganja juu yake, akainusa, kisha akaniuliza, "Jina lake nini, mwanangu? Nisomee. Miwani nimeisahau nyumbani."

Nimefundisha watu wazima, nikaona nimeshamjua. Asiyejua kusoma haambii watu hajui, husema miwani iko nyumbani. Nikamwonea huruma ya kijinga, ile ya mtu aliyejiona yuko juu. Nikamwambia, "Limeandikwa, Karibu Nyumbani."

Uso wake ulifunguka. "Karibu nyumbani," akarudia polepole. "Alhamdulillahi." Akajifunga pale pale juu ya nguo yake, akaivuta ikae sawa, akageuka ili nimtazame imekaaje. Maneno yakanijia usoni kwa herufi nyeusi.

"Imekukaa, bibi," nilisema.

Na kama hilo halikutosha, alianza kuwaambia watu. Kila aliyempita na sahani alimwambia, "Mmeniona? Mie yangu imeandikwa Karibu Nyumbani." Akipita, walio nyuma yake wanasoma. Kicheko kilimfuata ghorofa nzima, cha kubanwa, cha kujifanya kikohozi. Yeye alidhani siku yetu ni ya furaha na akacheka nasi. Mtu mmoja tu alikuwa na uwezo wa kukizima kicheko kile kwa maneno mawili, na mtu huyo alikuwa akigawa achari.

Picha ikapigwa uani. Mara ya kwanza tuliitazama kamera. Kisha mpiga picha akasema, kama kawaida ya sare, "Haya kina mama, geukeni, tuonyeshe jina." Tukageuka sote. Nilimsikia shangazi akisema, "Bibi, njoo katikati," kwa sababu kwa umri wake palikuwa pake. Nilitazama ukuta.

Picha hiyo ipo mpaka leo kwenye simu yangu na za ukoo mzima. Migongo arubaini imeandikwa SHINA MOJA MATAWI MENGI, na katikati mgongo mmoja mwembamba, ulionyooka kuliko yote, umeandikwa SIKUKUITA UMEJILETA. Jioni ile ile ilitumwa kwenye kundi la ukoo. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja akaandika, "Sare na iwe sare." Shangazi alinipigia simu. Akaniuliza, "Ile kanga uliitoa wapi?" Nikamwambia habari ya haraka. Akasema, "Haya, yameshapita," nasi tukaenda kwenye mazungumzo ya futari.

Ramadhani ile sikupata raha. Nikisujudu naiona migongo. Nilijitia moyo kwamba hajui kusoma, basi hajui, na asiyejua hana maumivu. Kisha nikawaza mjukuu wake wa hoteli. Yeye anasoma.

Siku chache baada ya Sikukuu nilichukua ile doti ya sare, nikaitia kwenye mfuko mzuri, nikaenda kijijini kwake, alikokutaja siku ile. Nilikwenda kumpa haki yake na kunyamaza mengine. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba sare zimepatikana, bibi, hii hapa yako.

Nyumba yake haikunisumbua kuipata, kila niliyemuuliza alijibu, "Kwa mwalimu?" Nilidhani nimekosea. Nilipofika barazani nilimkuta amekaa kitako, watoto wapatao kumi wamemzunguka na juzuu zao, na kila mmoja akikosea yeye anamrekebisha bila ya kuinua uso kutoka kwenye ukurasa ulio mapajani mwake. Puani alikuwa na miwani, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi mweusi.

Alikuwa nayo miwani. Aliisahau nyumbani siku ile, kama alivyosema.

Nikakaa kabla ya kukaribishwa. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri, akawaruhusu watoto, akenda ndani akaniletea maji na muhogo wa kuchemsha na samaki. Nilikula kidogo kidogo, nisiwe na mdomo mtupu wa kuzungumza. Kisha nikamtolea mfuko.

Akaifunua ile sare, akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mwalimu, "Shina moja, matawi mengi." Akaikunja. "Hii nayo imeandikwa vizuri."

"Bibi," nikasema.

"Naam."

"Ile nyengine. Siku ile nilikuwa na haraka, sikui..."

Aliinua mkono, si kwa hasira. "Usiongeze, mwanangu. Nilifika hapa usiku, nikavaa miwani."

Basi tu. Hakunitukana. Ningetukanwa ningepata pa kushika. Nililia, na hata kilio kile nakitilia shaka, maana sehemu yake ilikuwa kujionea huruma mwenyewe kwa kukamatwa. Nikamwambia ukweli, kwamba niliisoma, kwamba sare nilikuwa nayo mkobani, nikamweleza na habari ya wifi. Kwenye wifi alicheka kidogo. Nikamwomba anirudishie ile kanga nikaichome moto.

"Hupewi," akasema. "Kitu umenipa mbele za watu. Naivaa nikenda kuvuna mwani. Huko nyuma yangu hakuna mtu, ni maji tu."

Akapangusa miwani kwa ncha ya kanga yake. Kisha akasema, "Babu yenu na yeye hakuitwa na mtu. Alijileta. Bibi yetu akamwekea chakula. Mie ndiyo hadithi niliyopewa, sijui nyie mnasimulia vipi."

Nilimwambia tunasimulia sivyo. Nikamwambia mwakani lazima aje, akae mbele, ahesabu vidole vyake watu wote wasikie.

"Mkiniita n'takuja," alisema. "Safari hii n'taka kuitwa."

Nikaapa. Nilimwapia Mungu juu ya baraza lake, kisha akanisindikiza mpaka njiani, akanipa namba yake ya simu na viazi.

Ningependa hadithi iishie hapo kwenye viazi, na kwa muda nilijidai imeishia hapo. Lakini Shaabani ilirudi. Kwetu mtu haalikwi na mtu mmoja, jina linapita kwa shangazi, linasomwa kwenye kikao, ndipo mtu anapigiwa simu. Kulitia jina lake kwenye orodha maana yake ilikuwa kuulizwa: umekwenda kwake lini? Kufanya nini? Na kujibu maana yake ilikuwa kusema mbele ya wanawake wa ukoo wote kwamba sikuwa na haraka. Wiki ya kwanza nikasema nitamwona shangazi peke yake. Wiki ya pili shangazi alikuwa na homa. Wiki ya tatu kikao kikakaa, orodha ikasomwa, shangazi akauliza, "Kuna aliyesahauliwa?" Akanitazama mimi, kwa sababu kalamu nilikuwa nayo mimi. Namba yake ya simu ilikuwa imo mkobani. Nikatikisa kichwa.

Nikajiambia, atakuja tu. Mwaka ule hakungoja kuitwa, na mwaka huu hatangoja. Nilipanga kabisa kwamba nitampokea mlangoni kwa mikono miwili, nitamkalisha karibu na shangazi, na watu hawatauliza kitu. Nikamwekea sahani. Kila mlango wa chini ulipolia niliinua kichwa.

Khitma ikasomwa. Ami akapanda ngazi, akakaa katikati, akamshusha babu Malindi na sanduku lake. Akafika shamba, akamwoza, akanywa maji, akasema, "Lakini." Nilikuwa nimevaa sare mpya, nimekaa karibu na mlango wa jikoni, na pilau kwenye ile sahani ilikuwa imeshapoa.

Hatukumwita. Naye hakujileta.